Ridgeway kwa baiskeli ya milimani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu nusu ya magharibi ya Ridgeway, kutoka kijiji cha Avebury katika kaunti ya Wiltshire hadi mto Thames, pale Streatley na Goring zinapotazamana. Ni kama kilomita 70 juu ya mgongo wa vilima vya chaki, aina ya mwamba mweupe, kusini mwa Uingereza. Hakuna miamba ya kuruka wala miteremko ya kutisha. Kinachowatesa watu ni ardhi yenyewe na vibao vya njia, kwa hiyo usishangae tukiyarudia mambo hayo mawili.

Ridgeway ni njia gani hasa?

Ni njia ya kale iliyofunguliwa rasmi kuwa Njia ya Taifa mwaka 1973. Yote inaanzia Overton Hill, jirani na Avebury, na kuishia kilima cha Ivinghoe Beacon, umbali wa kilomita 139. Watu wa zamani walipita juu kwa sababu bondeni kulikuwa na misitu na matope, na mgongo wa chaki hukauka upesi. Karne zilizofuata wachungaji waliswaga kondoo na ng'ombe humo kwenda minadani, ndiyo maana utakuta sehemu ina upana wa kutosha magari matatu.

Utaisikia ikiitwa barabara kongwe kuliko zote Uingereza, eti ina miaka 5000. Makaburi na mawe yaliyo kando yake yana umri huo kweli. Njia yenyewe ilikuwa vijia vingi vilivyotawanyika, na ikabanwa kuwa moja mashamba yalipoanza kuzungushiwa matuta na ua wa miiba katika karne ya 18.

Naruhusiwa kuiendesha yote?

Hapana. Kutoka Overton Hill hadi Streatley unaruhusiwa mwanzo mpaka mwisho. Ukishavuka Thames mambo yanabadilika: sehemu kubwa ya nusu ya mashariki ni ya waenda kwa miguu, na vipande vinavyoruhusu baiskeli vimekatikakatika. Anayetaka kuendelea mashariki kwa baiskeli afuate Swan's Way, njia ya wapanda farasi inayoanzia Goring.

Haki ya baiskeli kupita kwenye njia za farasi ilitolewa na sheria ya mwaka 1968, na ina sharti: umpishe anayetembea na aliyepanda farasi. Wewe ndiye wa mwisho kwenye foleni. Kwenye njia ya miguu pekee huna haki ya kuendesha. Kufanya hivyo kwa kawaida si jinai, lakini umeingia kwenye ardhi ya mtu bila ruhusa, na mwenye shamba akikwambia ondoka, unaondoka.

Vibao nivisomeje?

Tazama rangi ya mshale. Wa njano ni njia ya miguu, usiingie na baiskeli. Wa bluu ni njia ya farasi, nguzo yake huandikwa Bridleway, pita. Wa zambarau, Restricted Byway, ni wa kila asiye na injini: miguu, farasi, baiskeli na mkokoteni. Mwekundu, Byway, ni wa wote pamoja na magari, ingawa kwenye Ridgeway vipande vingi hufungiwa magari majira ya baridi ili yasiivuruge ardhi iliyolowa.

Kuna alama ya tano inayowapotosha wageni, nayo ni tunda la mwaloni lililochorwa kwa rangi nyeupe. Hiyo inakwambia tu kwamba uko kwenye Njia ya Taifa. Haikwambii kama baiskeli inaruhusiwa. Magharibi ya Thames hilo halina madhara, ila mashariki watu huifuata kwa kilomita kadhaa na kujikuta katikati ya njia ya miguu. Rangi ya mshale ndiyo yenye neno la mwisho.

Kwenye ramani za Ordnance Survey, shirika la ramani la taifa, za kipimo cha 1:25,000, njia hizi ni za kijani: vistari vifupi ni miguu, vistari virefu ni farasi. Kwa safari hii unahitaji karatasi namba 157, 170 na 171. Pakua pia ramani kwenye simu kabla ya kuondoka, maana mtandao hukatika kwenye mabonde.

Vilima ni vikali?

Kwa mtu aliyezoea Usambara au Ngong, hapana. Mahali pa juu ni kilima cha Liddington chenye mita 277, na kilima cha Farasi Mweupe, chenye umbo kubwa la farasi lililochongwa kwa chaki, kina mita 261. Kwa muda mrefu unapanda na kushuka kidogo kidogo ukiwa juu ya mgongo. Mapando mawili ya kuheshimu ni la kwanza kutoka Avebury na lile la kutoka kijiji cha Ogbourne St George, kwa sababu kabla yake njia imekushusha mpaka chini kabisa bondeni.

Usipige hesabu ya mwendo kwa mazoea ya lami. Chaki ikiwa kavu, mwendeshaji wa kawaida hupata kilomita 12 hadi 14 kwa saa. Ikilowa, anashuka chini ya 10 na anatoka jasho zaidi.

Chaki iliyolowa ina shida gani?

Hupondeka juu ikawa ute mwembamba, na chini ya huo ute mwamba unabaki mgumu na wenye kuteleza. Tairi haipati pa kung'ata. Ni sabuni iliyolowa. Mahali pabaya zaidi ni pale magurudumu ya trekta yameisugua chaki mpaka inang'aa. Ukiona weupe unaometameta mbele yako kwenye mteremko, punguza mwendo kabla ya kuufikia, kisha pita bila kukata kona wala kushika breki ya mbele.

Shida ya pili ni mifereji iliyochimbwa na magari. Mingine ina kina cha pedali nzima, ikiwa imefunikwa na nyasi ndefu za Juni. Chagua mapema: ama ukae ndani ya mfereji mmoja hadi uishe, ama upande kwenye tuta la katikati. Anayebadili mawazo katikati ndiye anayeanguka, kwa sababu tairi la mbele linakwama ukutani wakati mwili umeshaelekea kwingine. Ndani ya mfereji weka pedali zote mbili usawa mmoja, tazama mita kumi mbele, na usiangalie ukingo.

Tatu ni udongo wa mfinyanzi uliochanganyika na mawe, unaolala juu ya chaki mahali pengine. Huo haukuangushi. Hunata kwenye tairi, ukajaa kwenye foku na fremu mpaka gurudumu likagoma kuzunguka. Tembeza baiskeli kwenye nyasi za kando mpaka upite.

Msimu gani mzuri?

Kuanzia katikati ya Mei hadi mwisho wa Septemba. Juni ndiyo bora: jua linachomoza karibu na saa kumi na moja alfajiri na kuzama saa tatu na nusu hivi usiku, kwa hiyo hata ukiharibikiwa una mwanga wa kurekebisha. Desemba jua linazama saa kumi jioni na ardhi haikauki. Baada ya mvua kubwa ya kiangazi, siku moja au mbili za upepo zinatosha kuirudisha chaki katika hali nzuri.

Hata Julai beba koti la upepo. Juu kule hakuna pa kujikinga, na ukisimama na fulana yenye jasho utatetemeka.

Baiskeli ya aina gani?

Ya milimani yenye shokomzoba mbele tu, mchezo wa milimita 100 hadi 120, inatosha kabisa. Shokomzoba ya nyuma ni uzito wa bure hapa. Baiskeli ya changarawe yenye usukani wa kupinda hupita wakati wa kiangazi, lakini mikono italalamika kwenye mifereji mikavu iliyogeuka migumu.

Tunashauri breki za diski. Ute wa chaki una chembe za jiwe gumu, na kwenye breki za rimu hufanya kazi ya msasa: mipira huisha haraka na rimu hulika. Weka pedi mpya kama zilizopo zimebaki chini ya nusu.

Matairi na upepo kiasi gani?

Upana wa inchi 2.1 hadi 2.25, yenye meno ya wastani na mbavu imara. Meno marefu ya matope hujaa mfinyanzi, na meno mafupi ya barabara hayashiki chochote.

Kwa mtu wa kilo 75 au karibu, matairi yasiyo na tyubu yajazwe psi 22 hadi 25 mbele na 25 hadi 28 nyuma. Yenye tyubu yajazwe psi 30 hadi 35. Ukishuka chini ya hapo na tyubu, tairi likigonga jiwe tyubu inabanwa kwenye rimu na kutoboka matundu mawili sambamba. Ukizidisha, baiskeli inarukaruka na kuteleza. Mwenye mzigo wa kulala njiani aongeze psi 3 nyuma.

Kwa nini watu wengi hupata pancha?

Gumegume. Ndani ya chaki kuna matabaka ya jiwe hilo, na likipasuka linatoa kingo zinazokata ngozi ya kidole bila kuhisi. Ndilo walilochongea shoka na visu watu wa Zama za Mawe. Mashamba yanapolimwa, vipande hutupwa njiani, na mvua huvisimamisha makali juu.

Matairi yasiyo na tyubu ndiyo kinga nzuri. Tia gundi ya maji mililita 80 hadi 100 kwa kila tairi, na uikague kila baada ya miezi mitatu kwa sababu hukauka. Likitoboka, zungusha gurudumu tundu likae chini, subiri gundi ijae, kisha ongeza upepo. Tundu kubwa kuliko milimita 5 halizibiki kwa gundi peke yake; sukuma kizibo cha mpira kwa sindano yake.

Anayetumia tyubu afuate utaratibu huu bila kuruka hatua. Toa tyubu, ijaze upepo, tafuta tundu, halafu ilaze juu ya tairi katika mkao ulioitoa ili ujue tundu lilikuwa usawa gani. Kagua tairi hapo ndani na nje. Tumia kitambaa kupapasa ndani, si kidole kitupu. Kipande cha gumegume kinaweza kuwa kidogo kama punje ya mchele na kimezama ndani ya mpira. Kichokoe kwa ncha ya spana. Wanaoharakisha huweka tyubu mpya juu ya jiwe lile lile, na baada ya mita mia tano wako chini tena.

Jiwe likipasua ubavu wa tairi, kiraka cha kawaida hakisaidii kwa sababu tyubu itafura na kutokeza. Weka ndani kipande cha tairi kuukuu chenye ukubwa wa sentimita 4 kwa 6, au mrija wa dawa ya meno uliokatwa na kukunjwa mara mbili, kisha jaza upepo wa wastani utembee nao taratibu.

Nibebe vifaa gani?

Tyubu mbili hata kama matairi yako hayana tyubu, viraka na solusheni, visukumio viwili vya tairi, pampu, vizibo, spana ya mkunjo yenye kikata cheni, na kiungo cha haraka kinacholingana na cheni yako. Ongeza sikio la fremu linaloshika kibadilisha gia cha nyuma. Kifaa hiki kidogo hupinda baiskeli ikiangukia upande wa kulia, na kila fremu ina lake, hivyo usitarajie kulikuta duka la kijijini. Beba pia taa. Helmeti si lazima kisheria Uingereza, lakini hakuna anayejua gumegume atakayekushauri uiache.

Nianzie upande upi?

Magharibi kwenda mashariki. Upepo wa kawaida wa nchi hii hutoka kusini-magharibi, nao utakusukuma mgongoni. Pia unaishia Goring kwenye stesheni ya treni, iliyo karibu kabisa na njia.

Kutoka Avebury huna haja ya kwenda hadi Overton Hill kwa barabara ya A4 yenye malori. Chukua Green Street, inayotoka mashariki ya kijiji kupitia pengo la tuta. Ni njia halali kwa baiskeli na inakufikisha juu ya Ridgeway kwa kilomita mbili na nusu hivi. Anayetaka kuanza kwenye nguzo rasmi atapata Overton Hill makaburi ya mviringo ya Zama za Shaba na, ng'ambo ya A4, eneo la The Sanctuary.

Nafikaje na baiskeli kwa treni?

London Paddington hadi Swindon ni kama saa moja. Treni hizo za kasi zina nafasi chache za baiskeli, kwa hiyo weka nafasi pamoja na tiketi. Baiskeli huning'inizwa wima kwa gurudumu ndani ya kabati jembamba. Usukani mpana wa baiskeli ya milimani hugoma kuingia. Legeza skrubu zake uugeuze usawa na fremu. Kutoka Swindon hadi Avebury ni kama kilomita 18. Barabara ya A4361 ni fupi lakini magari yanakwenda mbio, afadhali uzunguke kwa barabara ndogo.

Kurudi, Goring & Streatley inahudumiwa na treni za kawaida kati ya Didcot, Reading na London. Epuka saa za watu kwenda na kutoka kazini. Baiskeli zisizokunjika huzuiwa.

Nahitaji siku ngapi?

Mwenye mazoezi huimaliza kwa siku moja ya kiangazi, saa sita hadi nane za kupiga pedali. Lakini atakuwa ameona mawe kwa kuyapita. Siku mbili ni sahihi zaidi: ya kwanza Avebury hadi Farasi Mweupe au Wantage, ya pili kuteremka hadi Thames. Kwa makadirio, Avebury hadi Ogbourne St George ni kilomita 15, kutoka hapo hadi Foxhill ni 12, Foxhill hadi kaburi la Wayland's Smithy ni 7, kisha 2 hadi Farasi Mweupe, 10 hadi barabara ya Wantage, na 24 za mwisho.

Avebury nisimame kwa muda gani?

Saa mbili, tena kabla ya kuanza kuendesha. Ni duara kubwa la mawe lililojengwa kwa vipindi kati ya 2850 na 2200 KK hivi, likiwa limezungukwa na handaki na tuta. Duara la nje lilikuwa na mawe kama 100. Liliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1986 pamoja na Stonehenge, ila hapa hakuna kamba wala kiingilio. Unapita katikati ya mawe, unayagusa, kondoo wanakula pembeni, na kijiji kimekaa ndani ya duara.

Mawe mengi yalizikwa katika Zama za Kati, na mengine baadaye yalichomwa moto, yakamwagiwa maji yapasuke, kisha yakajengewa nyumba. Mwanaakiolojia Alexander Keiller alisimamisha upya kadhaa katika miaka ya 1930. Chini ya jiwe moja, mwaka 1938, yalipatikana mifupa ya mwanamume wa karne ya 14 akiwa na mkasi na sarafu zake.

Baiskeli isiingie kwenye matuta. Funga kufuli kijijini utembee. Silbury Hill, kilima kilichorundikwa na watu karibu mwaka 2400 KK, hairuhusiwi kupandwa kabisa, na West Kennet Long Barrow, kaburi lenye urefu wa karibu mita 100, linafikiwa kwa njia ya miguu tu.

Ngome zilizo njiani, naweza kupita ndani na baiskeli?

Barbury Castle ndiyo, kwa sababu Ridgeway yenyewe inaikata katikati. Ni boma la Zama za Chuma lenye matuta mawili na mahandaki mawili. Baki kwenye njia. Udongo juu ya chaki ni mwembamba sana, na tairi moja likikwangua nyasi za tuta, mvua inaanza kuteremsha chaki hapo hapo. Haya ni mabaki ya kale yanayolindwa na sheria ya mwaka 1979, na kuyaharibu ni kosa la jinai. Ngome za Liddington na Uffington Castle, hii ya pili ikiwa jirani na Farasi Mweupe, ziko pembeni ya njia: acha baiskeli, panda kwa miguu.

Wayland's Smithy ni nini?

Ni kaburi la Zama Mpya za Mawe, hatua chache kutoka njiani, ndani ya kichaka cha miti mirefu iitwayo beech. Lilijengwa mara mbili: kwanza chumba cha mbao na mawe, karibu mwaka 3590 hadi 3555 KK, mlimokutwa mabaki ya watu 14, kisha baada ya zaidi ya miaka mia moja likafunikwa na tuta refu lenye mawe makubwa mbele. Manne bado yamesimama. Hadithi ya wenyeji inasema mhunzi Wayland anaishi humo, na ukimwacha farasi wako pamoja na sarafu, ukirudi utamkuta amevishwa viatu vya chuma kwatoni. Wageni bado wanapachika sarafu kwenye nyufa za mawe. Usifanye hivyo, zinayaharibu. Kuingia ni bure.

Farasi Mweupe mbona haonekani nikiwa juu?

Kwa sababu amelala kwenye mbavu ya kilima na ana urefu wa mita 110. Ukiwa juu unaona mstari wa mgongo au jicho tu. Umbo zima linaonekana kutoka bondeni, upande wa kaskazini. Vipimo vya udongo vilivyofanywa miaka ya 1990 vilimpa umri kati ya 1380 na 550 KK, kwa hiyo ni mkongwe kuliko farasi wengine wote wa chaki nchini. Yule wa Hackpen, utakayempita mapema, alichongwa mwaka 1838.

Hakukwanguliwa tu juu ya nyasi. Alichimbwa mitaro, ikajazwa chaki iliyoshindiliwa. Asipotunzwa nyasi humfunika, hivyo watu wa kujitolea hupiga magoti na nyundo na kuponda chaki mpya juu ya ile ya zamani. Usimkanyage. Chini yake kuna Dragon Hill, kilima chenye kilele bapa na kipara cheupe. Wanasema ndipo Mtakatifu George alipomwua joka, na damu ikazuia nyasi zisiote.

Baada ya hapo kuna cha kuona?

Mapya na ya kale yamechanganyika. Utapita Segsbury Camp, boma kubwa la Zama za Chuma, kisha mnara wa Lord Wantage, askari wa vita vya Krimea aliyefariki mwaka 1901, uliosimamishwa juu ya kaburi la kale. Upande wa kushoto bondeni utaona jengo la mviringo linalong'aa: ni Diamond Light Source, mtambo wa kisayansi ulioanza kazi mwaka 2007, wenye mzunguko wa mita 562. Wantage yenyewe, chini, ni mji aliozaliwa mfalme Alfred.

Watu hupotea wapi?

Mahali pa kwanza ni mashariki ya Barbury Castle. Njia ya zamani inaendelea bondeni, na Njia ya Taifa inashika mgongo wa nyasi wa Smeathe's Ridge kuelekea Ogbourne. Zote zinapitika, lakini zinakupeleka kwingine. Pili ni kati ya Liddington na Foxhill, unapotumia barabara ya lami na kuvuka juu ya barabara kuu ya M4. Tatu ni karibu na East Ilsley, ambako njia za zege za mashamba na viwanja vya mazoezi ya farasi hukatana. Ridgeway hupita chini ya barabara kuu ya A34 kwa njia ya chini kwa chini, usijaribu kuivuka juu. Mwisho, ukifika Rectory Road umeingia lamini, na ukiteremka kwa kasi kumbuka kuna magari ya wakazi.

Farasi nikiwakuta?

Utawakuta. Eneo la Lambourn ni kitovu cha farasi wa mashindano, na asubuhi hukimbizwa kwenye viwanja vya nyasi kando ya njia. Viwanja hivyo si vyako kamwe, hata vikionekana laini kuliko Ridgeway.

Ukimfikia farasi kwa nyuma, punguza mwendo ukiwa mbali na usalimie kwa sauti ya kawaida. Farasi husikia mtu na kutulia. Kengele ya ghafla nyuma yake humshtua. Subiri mwenye farasi akuashirie, mpite ukiwa umeacha nafasi kubwa, usibadili gia kwa kelele. Akiinua mkono, simama.

Maji na chakula?

Hili linawakwamisha hata wazoefu. Juu ya mgongo hakuna mito wala visima, kwa sababu chaki hunywa mvua yote. Mabomba ya umma ni machache na yako mbalimbali. Tazama ramani rasmi ya njia kabla ya kuondoka, na beba lita 2 hadi 3. Chakula kiko vijijini chini: Ogbourne St George, Bishopstone, Wantage. Kila kushuka kuna kupanda tena, kwa hiyo shuka mara moja kwa siku, ule na ujaze chupa kwa pamoja. Jiko la baa nyingi hufungwa kati ya saa nane na nusu mchana na saa kumi na mbili jioni. Asiyekunywa pombe asione haya kuingia. Baa za vijijini huuza chai, kahawa na chakula, na hakuna anayekulazimisha kingine.

Naweza kupiga hema?

Bila idhini ya mwenye ardhi, hapana. Ardhi yote ina mwenyewe, hata ile inayoonekana pori. Piga simu mapema kwenye viwanja vya kambi au nyumba za wageni vijijini.

Kuna kipande kizuri kwa watoto?

Egesha gari kwenye maegesho ya Farasi Mweupe, mwende Wayland's Smithy na kurudi. Ni kilomita 5 hivi, njia pana, hakuna magari mengi. Upepo tu ndio wa kuangalia.

Baiskeli ya umeme inaruhusiwa?

Inaruhusiwa ikiwa injini yake haizidi wati 250, inasaidia tu unapopiga pedali, inakata msaada kwenye kilomita 25 kwa saa, na mwendeshaji ametimiza miaka 14. Ya kujiendesha kwa kishikio kama pikipiki huhesabiwa chombo cha moto.

Nimetoka Congo, Rwanda au Burundi. Kuna tofauti ya kuzingatia?

Magari hukaa kushoto, kama Kenya, Tanzania na Uganda. Hatari si unapoendesha, ni unapotoka kwenye njia ya shamba kuingia barabara tupu: mazoea hukupeleka kulia. Pia baiskeli za Uingereza huwa na breki ya mbele kwenye mkono wa kulia. Ijaribu kwenye maegesho kabla ya mteremko wa kwanza.

Dharura?

Piga 999 au 112. Jifunze kusoma namba za gridi kwenye ramani yako, kwa sababu mgongo hauna majina ya mitaa. Jioni jikague kupe kwenye miguu, nyuma ya magoti na kiunoni. Nyasi ndefu huwa nao na wengine hubeba ugonjwa wa Lyme. Mng'oe kwa kibano karibu na ngozi, ukivuta wima bila kumkamua. Likitokea duara jekundu linalopanuka katika wiki zinazofuata, nenda kwa daktari.

Baiskeli niioshe lini?

Siku hiyo hiyo. Chaki ikikauka juu ya cheni na ndani ya kibadilisha gia inashika kama plasta, na kuikwangua kunaumiza rangi na pete za mpira. Tumia ndoo, brashi na maji ya kawaida. Mashine ya presha inasukuma ute ndani ya beringi za kitovu na za pedali, ambako unakaa na kusaga. Futa cheni, iache ikauke, tia tone moja la mafuta kwa kila kiungo, zungusha pedali nyuma mara thelathini, kisha pangusa yanayobaki nje. Toa pedi za breki, kagua kama zimebaki nene zaidi ya milimita moja na nusu, na upitishe kitambaa juu ya tairi kutafuta vipande vya gumegume vilivyojificha vinavyongoja safari ijayo.